Jina la Chombo na Kazi ya Chombo: Maoni Kuhusu Istilahi za Maabara ya Mwanga, kwa Mifano kutoka Ufipa

1.0 Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na hasa baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili katika sayansi umekuwa ukiendeshwa, kwa sehemu kubwa, kwa kuhesabu majina. Huulizwa kama kuna neno la Kiswahili kwa chombo hiki au kile; likipatikana, lugha huhesabiwa imefaulu, na likikosekana, huhesabiwa imeshindwa. Makala haya yanatoa maoni tofauti. Yanadai kwamba jina la chombo ndiyo sehemu ya lugha ya maabara inayoweza kukopwa bila hasara kubwa, na kwamba hasara halisi hutokea pale ambapo vitenzi vinavyoeleza kazi ya chombo hicho vinaachwa bila kuchaguliwa, kupambanuliwa na kusanifiwa.

Hoja hii itajadiliwa kwa kutumia vyombo vya maabara ya fotokemia na spektroskopia. Fotokemia huchunguza mabadiliko ya kikemia yanayoletwa na mwanga. Spektroskopia huchunguza maada kwa kutazama jinsi inavyotoa au kufyonza mwanga wa rangi mbalimbali. Nimeuchagua uwanja huu kwa sababu vyombo vyake vina majina magumu lakini kazi zake huelezeka kwa maneno ya kila siku. Mifano nimeichukua Ufipa, yaani ule uwanda wa juu wenye mji wa Sumbawanga, ulio katikati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Ziwa Rukwa.

Yamkini msomaji ataona ajabu, kwa kuwa Sumbawanga haifahamiki kwa maabara za aina hiyo. Hata hivyo, gesi iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwa kutumia spektroskopu inatoka ardhini katika bonde lililo chini ya uwanda huo; mafundi wa kale wa huko walijenga matanuri ya chuma, kazi ambayo haifanyiki bila kusoma rangi ya moto; na mahindi, ambayo ndiyo zao kubwa la wakulima wa huko, hukabiliwa na sumu ambayo kemia imeitambua kwa mng'ao wake chini ya taa. Katika mambo hayo matatu, kinachomtenga mkazi wa Sumbawanga na maarifa yanayomhusu ni ukosefu wa maelezo, zaidi ya ukosefu wa majina.

2.0 Heli ya Rukwa: Jina Moja, Kazi Mbili

Tuanze na gesi ya heli. Tarehe 18 Agosti 1868, wakati wa kupatwa kwa jua, mwanafalaki Mfaransa Pierre Janssen aliyekuwa India aliutazama mwanga wa kingo za jua kwa spektroskopu. Miezi michache baadaye Norman Lockyer aliufanyia uchunguzi mwanga huohuo akiwa Uingereza. Katika mwanga huo ulionekana mstari wa njano wenye urefu wa wimbi unaokaribia nanomita 587.6, karibu kabisa na mistari miwili ya sodiamu, lakini usiolingana nayo. Lockyer aliuhusisha mstari huo na elementi isiyojulikana, ikapewa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Ilipofika mwaka 1895 ndipo William Ramsay alipoipata elementi hiyo hapa duniani, katika madini yenye urani. Kwa miaka 27, basi, wanadamu waliijua heli kwa mwanga wake tu.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Durham na Oxford walitangaza kwamba gesi inayobubujika katika baadhi ya chemchemi za Bonde la Rukwa ina kiasi kikubwa cha heli, jambo ambalo wanajiolojia walikuwa wameanza kuliandika tangu miaka ya 1960. Heli hiyo imezalishwa kwa muda mrefu mno na kuoza kwa urani na thori katika miamba ya kale, kisha ikafunguliwa na joto la volkeno za Bonde la Ufa. Uchimbaji wa majaribio ulifuata, na mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, kusini mwa bonde hilo, kilitoa heli hadi juu ya ardhi. Gesi hiyo ina thamani kubwa kwa sababu heli iliyogeuzwa kuwa kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 za Selisiasi chini ya sifuri, ndiyo ipozayo sumaku za mashine za MRI hospitalini na za baadhi ya spektromita katika maabara za kemia.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mwananchi akiuliza gesi ya Rukwa ilipimwaje, atajibiwa kwamba ilipimwa kwa spektromita. Jibu hilo ni sahihi, lakini halimfunulii kitu. Zaidi ya hayo, linaweza kumpotosha hata mwanafunzi wa chuo, kwa sababu spektromita iliyotumika si ya ukoo wa kile chombo cha Janssen. Chombo cha Janssen huuchanganua mwanga: huupokea ukiwa umechanganyika, kikautenga rangi kwa rangi. Spektromita ya tungamo, ambayo hutumika kupimia aina za heli, haishughuliki na mwanga. Huzitia chembe za gesi chaji ya umeme, huzipitisha penye nguvu ya sumaku, nazo hupinda kwa viwango tofauti, zile nyepesi zikipinda zaidi ya zile nzito. Kwa njia hiyo heli-3 hutenganishwa na heli-4, na uwiano wa hizo mbili huonyesha kama gesi imetoka katika miamba ya ganda la dunia au kina kirefu zaidi chini yake.

Neno la asili ya Kizungu limeviunganisha vyombo hivi viwili kwa mfanano tu: kimoja hupanga rangi katika safu, kingine hupanga chembe kwa uzito katika safu. Mzungumzaji wa Kiswahili anayekopa jina pekee hukopa na utata wake. Lakini akisema kwamba cha kwanza huchanganua mwanga na cha pili hutenganisha chembe kwa uzito, utata huondoka mara moja, hata kama majina yamebaki spektromita na spektromita ya tungamo.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Asilimia ya heli katika gesi ndiyo inayoamua kama kisima kina faida. Mwananchi asiyeelewa namna asilimia hiyo inavyopatikana hawezi kuuliza swali la maana katika mkutano wa kijiji, wala diwani wake hawezi kulifikisha mbele. Inasimuliwa sana kwamba jina la Sumbawanga lilitokana na maneno yenye maana ya kutupa uchawi. Itakuwa ni jambo la kusikitisha iwapo katika mji wenye jina lenye simulizi hiyo, namba zitokazo katika mashine zitapokewa kama ramli, kwa kuaminiwa au kukataliwa pasipo kuhojiwa.

3.0 Vitenzi Vinavyohitajika

Sasa tuingie maabara. Chombo kinachotumika zaidi katika utafiti wa fotokemia ni spektrofotomita. Ndani yake mna taa. Mara nyingi ni mbili, moja ya nyuzi za tangsteni kwa mwanga unaoonekana, na nyingine ya deuteri kwa mwanga wa urujuanimno. Mwanga wa taa hupita katika mwanya mwembamba, ukachanganuliwa, na rangi moja tu ikachaguliwa. Rangi hiyo hupitishwa katika kikombe kidogo chenye sampuli. Kikombe hicho huwa cha kwatzi pale urujuanimno unapotumika, kwa sababu kioo cha kawaida huufyonza mwanga huo kabla haujaifikia sampuli. Mwisho, kitambuzi huupokea mwanga uliosalia na kuugeuza kuwa umeme, na umeme huo husomwa kama namba.

Msomaji atatambua kwamba katika aya hiyo majina ya kukopa ni machache, na kwamba mzigo wote wa maana umebebwa na vitenzi: kupita, kuchanganua, kuchagua, kufyonza, kupokea, kugeuza. Vitenzi hivyo ndivyo ninavyodai visanifiwe. Nitataja vinne.

Kwanza ni -fyonza. Faida ya kitenzi hiki ni kwamba kinazaa. Kutokana na mzizi mmoja tunapata ufyonzaji kwa tendo la sampuli, ufyonzwaji kwa yale yanayoupata mwanga, mfyonzo kwa tukio linaloonekana katika grafu, na ufyonzekaji kwa uwezo wa mwanga kufyonzwa. Neno la mkopo halina uzazi wa aina hii. Aidha, kitenzi humlazimisha msemaji ataje nani anamtenda nani: chombo hakifyonzi, sampuli ndiyo inayofyonza, na mwanga ndio unaofyonzwa. Kiingereza hutenganisha tendo la kufyonza na namba inayopimwa kwa kubadili kiishio cha neno. Katika Kiswahili, ufyonzaji ukitumiwa kwa yote mawili, mwanafunzi hudhani kwamba namba 2 ina maana ya mwanga uliofyonzwa mara mbili ya ule wa namba 1. Sivyo. Kipimo hicho hufuata logi: katika 1 asilimia 10 ya mwanga imepita, na katika 2 imepita asilimia 1 tu. Napendekeza namba hiyo iitwe kiwango cha mfyonzo, na ufyonzaji ubaki kuwa tendo.

Pili ni -changanua na -tawanya. Vitenzi hivi viwili vimekuwa vikichanganywa, ilhali maumbile yenyewe yanavitenga. Ukungu wa asubuhi juu ya uwanda wa Ufipa huutawanya mwanga: huupeleka kila upande, na mtu huona weupe pasipo kuliona jua. Upinde wa mvua huuchanganua mwanga: hutenga rangi na kuziweka kila moja mahali pake. Prizimu ni ya ukoo wa upinde wa mvua. Maziwa yaliyotiwa katika maji ni ya ukoo wa ukungu. Mtafiti anayeandika mtawanyo kwa mambo yote mawili huwanyima wasomaji wake tofauti ambayo mtoto wa Sumbawanga huiona kabla ya kwenda shule.

Tatu ni kitenzi cha hali ambayo elektroni huingia baada ya molekuli kufyonza mwanga. Wapo wanaosema elektroni imesisimka, kwa kufuata sitiari ya Kiingereza. Katika Kiswahili kusisimka ni kwa mwili na hisia. Damu husisimka, nywele husisimka. Sitiari hiyo haielezi jambo lililo muhimu, yaani kwamba nishati imepangwa kwa ngazi, na kwamba hakuna kutua kati ya ngazi na ngazi. Kitenzi -panda, pamoja na mnyambuliko wake -pandisha, kinaeleza jambo hilo kwa ukamilifu zaidi. Mwalimu wa Sumbawanga ana kielelezo mkononi: mteremko mkali wa Lyamba lya Mfipa, unaotenga uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,800 na Ziwa Rukwa lililo katika kimo cha takriban mita 800. Atupaye jiwe kutoka juu ya mteremko huo hupata sauti ya kishindo. Elektroni ishukayo ngazi hutoa mwanga au joto. Ni kweli kwamba mlima una njia na elektroni haina njia ya katikati. Lakini tofauti hiyo nayo huelezeka vyema kwa kitenzi hichohicho.

Nne ni -ng'aa. Kitu kilichomulikwa na urujuanimno kinaweza kung'aa kwa rangi yake chenyewe. Mng'ao huo ukikoma mara tu taa inapozimwa, kwa kawaida ndani ya sehemu za mabilioni ya sekunde, ni wa aina moja; ukiendelea baada ya taa kuzimwa, ni wa aina nyingine. Mng'ao wa papo na mng'ao wa kubakia ni istilahi zinazojieleza, na hazihitaji mkopo wowote.

Tukiwa na vitenzi hivyo, hata kanuni za msingi za taaluma hupata umbo la Kiswahili. Kanuni ya kwanza ya fotokemia, iliyotajwa na Grotthuss mwaka 1817 na kuthibitishwa na Draper katika miaka ya 1840, inaweza kuandikwa hivi: mwanga usiofyonzwa haubadili kitu. Sentensi hiyo ina maneno manne, haina mkopo hata mmoja, na mwanafunzi anayeielewa ameelewa kwa nini mtafiti huanza kwa spektrofotomita kabla ya kuwasha taa ya kuanzishia mabadiliko. Hali kadhalika mbinu iliyowapatia Norrish na Porter sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1967 huelezeka kwa vitenzi viwili: mmweko wa kwanza huanzisha, mmweko wa pili huchungulia. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyepata tuzo hiyohiyo mwaka 1999, aliufupisha muda kati ya kuanzisha na kuchungulia hadi kufikia kipimo cha femtosekunde, yaani sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde. Vyombo vimebadilika kutoka taa hadi leza. Vitenzi vimebaki vilevile.

4.0 Tanuri la Wafipa kama Chemchemi ya Istilahi

Utaratibu wa kuunda istilahi nchini Tanzania umekuwa ukitambua kwamba Kiswahili kikikosa neno, kitazame kwanza lugha za Kibantu kabla ya kwenda mbali. Kwa njia hiyo tumepata maneno kama ngeli kutoka Kihaya. Katika sayansi ya mwanga na joto, hata hivyo, utaratibu huu umetumika kidogo, pengine kwa kudhani kwamba lugha zetu za jamii hazina maarifa ya aina hiyo. Ufipa inapinga dhana hiyo.

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo kinachokaribia mita 3. Tofauti na matanuri mengi ya Afrika, ilungu halikuhitaji mivukuto: hewa ilivutwa na joto lenyewe kupitia matundu na mirija ya udongo iliyopangwa kuzunguka sehemu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika matanuri madogo yaitwayo vintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Kazi hiyo iliandikwa na mmisionari Wyckaert kwa Kifaransa mwaka 1914, na Greig kwa Kiingereza mwaka 1937. Roy Willis aliizingatia historia ya Ufipa katika kitabu chake cha mwaka 1981, na Bertram Mapunda aliichunguza akiolojia ya ufuaji chuma wa Nkansi katika tasnifu yake ya mwaka 1995.

Fundi wa tanuri la aina hiyo hakuwa na kipimajoto. Popote duniani ambapo chuma kimeyeyushwa na kufuliwa kwa mkono, joto limepimwa kwa jicho: chuma chenye wekundu uliofifia kinakaribia nyuzi 700 za Selisiasi, chenye rangi ya chungwa kinakaribia 1,000, na kinachoelekea weupe kimepita 1,200. Fizikia ya karne ya ishirini iliigeuza maarifa hiyo kuwa chombo, yaani pairomita ya macho, ambamo mtazamaji hulinganisha mng'ao wa tanuri na mng'ao wa uzi uliopashwa umeme mpaka uzi huo usionekane tena mbele ya moto. Chombo hicho ni ndugu wa spektroskopu. Kinachofanywa na pairomita kwa uzi, fundi wa malungu alikifanya kwa kumbukumbu.

Ikiwa watu walifanya kazi hiyo kwa vizazi, hapana budi walikuwa na maneno ya kupokezana: ya moto uliofikia kiwango na usiofikia, ya wekundu wa aina hii na ule, ya kuwahi na ya kuchelewa. Mafunzo ya ufundi hayapiti kimya. Sehemu kubwa ya maandishi tuliyo nayo yameeleza tanuri, miiko na matambiko yake katika lugha za kigeni, yakitaja maneno ya Kifipa hapa na pale kama vielelezo vya utamaduni. Ni nadra maneno hayo kukusanywa kama istilahi za kitaalamu, zenye kustahili kutazamwa na mwanakamusi wa fizikia. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo la dharura kuliko yote yaliyotajwa hapa, kwa sababu maneno ya chombo kipya yataendelea kungoja, lakini maneno ya tanuri yanakwenda pamoja na wazee wanaoyakumbuka kutoka kwa baba na babu zao.

5.0 Mahindi, Taa na Sumukuvu

Mfano wa tatu unahusu uhai. Mwaka 1960 maelfu kwa maelfu ya batamzinga walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Uchunguzi ulizaa jina la kigeni la aflatoksini, na aina zake kuu zikaitwa B na G. Herufi hizo ni za kwanza za majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na kijani, kwa kuwa chini ya taa ya urujuanimno aina hizo hung'aa kwa rangi hizo. Mswahili anayekariri B na G hukariri herufi. Ile habari ya mwanga iliyomo ndani yake imemponyoka.

Mwaka 2016 sumu hii ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tangu hapo neno sumukuvu limeenea katika matangazo ya serikali na katika mazungumzo ya wakulima, ikiwa ni pamoja na mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi kama Rukwa. Neno hilo limefaulu kwa sababu linasema jambo lenyewe: sumu itokanayo na kuvu. Lakini ukaguzi wake bado hauna lugha. Mtu akisikia kwamba sumukuvu hung'aa chini ya taa, anaweza kununua taa ya urujuanimno, akamulika gunia la mahindi, na kuamua yapi ni salama. Uamuzi huo ni wa hatari. Rangi ya kijani-njano inayoonekana katika punje zilizomulikwa huwa haitokani na sumukuvu yenyewe; hutokana na zao jingine la kuvu, likishirikiana na vimeng'enya vya mmea. Punje iking'aa, ni dalili ya kushukiwa. Isipong'aa, si ushahidi wa usalama. Katika maabara, sumu hiyo hutolewa kwanza katika unga, ikatenganishwa na vitu vingine, ndipo mng'ao wake ukapimwa.

Tofauti kati ya kung'aa, kuashiria na kupima ni tofauti ya vitenzi. Hakuna jina la chombo, la mkopo au la asili, litakalomkinga mkulima na kosa hilo. Sentensi iliyo wazi itamkinga.

6.0 Pingamizi

Pingamizi tatu zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba sayansi ni ya ulimwengu mzima, na mtafiti anayeandika kwa istilahi zake mwenyewe hujitenga. Nakubali kwa upande wa majina, na ndiyo sababu natetea kukopa spektromita, leza na fotoni. Vitenzi havimtengi mtu, kwa kuwa lugha iliyoendelea katika sayansi yaweza kutumia vitenzi vyake yenyewe vya nyumbani na jikoni. Warusi hawakukopa neno la kufyonza mwanga kutoka Uingereza ili wapate kueleweka London.

Ya pili ni kwamba masomo ya sayansi katika sekondari na vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi hii haina mahali pa kutumika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, ingawa utekelezaji ulikuwa wa kusuasua. Lakini hata pasipo sera, inajulikana kwamba walimu wengi hulazimika kufafanua kwa Kiswahili yale waliyoyaandika ubaoni kwa Kiingereza. Kiswahili cha sayansi kimo darasani tayari. Kinachokosekana ni usanifu wake.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba mwanafunzi wa Sumbawanga anahitaji chombo kwanza, na neno baadaye. Sina haki ya kulipuuza dai hilo. Hata hivyo, spektroskopu ya kufundishia inaweza kutengenezwa kwa boksi la karatasi ngumu, nyembe mbili za kufanyia mwanya, na kipande cha sidii, ambayo mistari yake imeachana kwa takriban mikromita 1.6 na hivyo huuchanganua mwanga. Bila kuielekeza kwenye jua, mwanafunzi atatazama mwali wa koroboi na kuona rangi zilizoungana. Atatazama taa ya umeme ya zebaki na kuona mistari iliyotengana. Atanyunyiza chumvi katika moto na kuona njano ya sodiamu. Atakapoulizwa ameona nini, ndipo vitenzi vitakapohitajika. Chombo kisicho na lugha kitabaki kuwa boksi.

7.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, makala haya yamedai kwamba istilahi za vyombo vya maabara zimetazamwa mno kwa upande wa majina. Yamependekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi za sayansi zijazo zitenge sehemu ya vitenzi vya msingi vya kila taaluma, pamoja na minyambuliko yake na mipaka ya matumizi yake, kama ilivyojaribiwa hapa kwa -fyonza, -changanua, -tawanya, -panda na -ng'aa. Pili, idara za Kiswahili na idara za kemia na fizikia zishirikiane kuwapa wanafunzi wa uzamili kazi ya kuandika maelezo ya chombo kimoja kimoja kwa Kiswahili, maelezo hayo yasomwe na mtaalamu wa chombo na mtu asiyekijua, na yasikubaliwe mpaka wote wawili waridhike. Tatu, msamiati wa ufuaji chuma wa Ufipa ukusanywe kwa Kifipa na Kiswahili, kama kazi ya istilahi na si ya ngano pekee, wakati bado wapo wanaoweza kuulizwa.

Wanazuoni watakaoona kwamba vitenzi vilivyopendekezwa havifai wanaombwa walete vingine. Mjadala juu ya kitenzi kipi kieleze kazi ya mwanga utakuwa na manufaa kwa taaluma yetu kuliko mjadala mwingine mmoja juu ya namna ya kutohoa jina la mashine.